Wewe Unapiga, Hutwangi

Nilipewa dakika kumi, nikala karibu nusu saa. Ulikuwa usiku wa kusikiliza albamu ya kwanza ambayo mwimbaji wa bendi yetu ameitoa peke yake, uani kwa watu, Njiro, Arusha, katikati ya baridi ya Julai. Waliokosa kuja wameniomba maneno yale. Nayaandika kama nilivyoyasema. Nimeondoa tu sehemu nilizokuwa nikijaza muda huku tukingoja jenereta.

Wazee wangu, shikamooni. Mama mzazi wa mwimbaji wetu, wewe shikamoo yako ya peke yako, na pole kwa baridi. Naona umejifunga vitenge viwili na bado unatetemeka. Wadogo zangu, machalii wa Chuga, mambo vipi? Haya, nimesikia.

Mimi ni mpiga dramu. Wanaozijua bendi za roki wanajua kuwa mpiga dramu hukaa nyuma kabisa, huonekana mikono na kichwa tu, na kusema hasemi. Ukiona amepewa maiki ujue kuna msiba au kuna mtu anaondoka. Ndiyo maana mmoja wenu ameshanivuta pale getini akaniuliza, tena kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Kaka, kwa hiyo bendi basi tena?" Nitamjibu. Ila nitazunguka kidogo kwanza.

Siku alipotuambia tulikuwa kwenye chumba chetu cha mazoezi, Kijenge, nyuma ya gereji. Waliowahi kufika wanakijua. Kuta zote tumezibandika trei za mayai mpaka darini ili majirani walale, na mvua ikinyesha sana lazima trei moja imwangukie mpiga besi. Tumemaliza mazoezi, tunakunja nyaya, mara yeye akasema, "Jamani, nataka kutoa solo." Mpiga solo wetu alilikumbatia gitaa lake kama mtu aliyeona kibaka. Alidhani ananyang'anywa kazi! Wala hakukosea. Sisi tumelelewa na redio za baba zetu, na kwenye muziki wa dansi solo ni gitaa: kuna solo, kuna rithimu, kuna besi. Mwimbaji kutoka peke yake, bendi ikabaki pale pale, na yeye akabaki kuwa mtu wa bendi hiyo hiyo, jambo hilo hatukuwa na neno lake. Tuna kuhama. Tuna kunyakuliwa. Tuna kususa na kufukuzwa. Na yote hayo mwisho wake ni bendi nyingine.

Mzee Muhidin Gurumo, Mungu amrehemu, aliimba NUTA Jazz, bendi iliyoanza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1978 akaenda Mlimani Park. Mwaka 1985 akaenda Orchestra Safari Sound. Halafu akarudi Msondo, ndiyo ile ile NUTA Jazz kwa jina jipya, akazeekea huko, akafariki 2014. Sauti moja, nyumba tatu, na kila nyumba aliyoingia alikuta magitaa yake, tarumbeta zake na mtu wa tumba anayemngoja. Hakuwahi kulala nje. Hata Mbaraka Mwinshehe alipoachana na Morogoro Jazz mwaka 1973 hakutoka akiwa Mbaraka mtupu; alikwenda akaunda Super Volcano. Na mjue vyombo vingi enzi zile vilikuwa vya mwenye bendi. Ukiondoka unaliacha gitaa ukutani, unaondoka na koo lako, na koo peke yake halijazi ukumbi.

Hapa kwetu wenzetu wa hip hop walilimaliza jambo hili mapema. Joh Makini ana nyimbo zake, Nikki wa Pili ana zake, G Nako ana zake, na ukisikia Weusi, kundi lao, wanapanda jukwaani unajua ni akina nani. Hakuna anayewapa pole. Lakini rapa anaweza kuibeba biti yake kwenye flashi mfukoni. Bendi ya roki ni watu wanne na gari la kubebea vyombo, na mmoja akisema anatoka peke yake, swali la kwanza kichwani mwa wale watatu ni nani atalipia mafuta.

Nisiwadanganye, nilikasirika. Albamu ina nyimbo tisa. Aliponifungulia zile za mwanzo kwenye simu nikakuta nane hazina dramu. Zina biti, zimetengenezwa na kijana mmoja wa Ngarenaro kwenye laptopu, na ni biti nzuri, hapo ndipo paliponiuma. Miaka kumi na mmoja nimekaa nyuma ya huyu dada. Ninajua anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio: bega la kushoto linapanda kidogo, kama mtu anayepandisha mkoba, nami najua sasa. Laptopu haioni bega. Nilimwambia hongera, nikaenda nyumbani, sikumpigia simu wiki tatu.

Wiki hizo tatu nilikuwa nasoma habari za wapiga dramu walioachwa. Kila mtu na dawa yake.

Kuna bendi ya Waingereza, Genesis. Mwimbaji wao Peter Gabriel aliondoka 1975. Wakahangaika kutafuta mwimbaji, mwisho akaimba mpiga dramu wao, Phil Collins. Gabriel naye akaanza kutoa albamu zake, ya kwanza 1977. Alipofika ya tatu, ile ya 1980, mnajua kwenye dramu alimwita nani? Yule yule aliyemwacha. Na akampa sharti: matoazi hapana. Zile sahani zote za shaba, toa nje. Mpiga dramu ukimwondolea sahani ni kama kumwambia mama wa sokoni apatane bei mikono ikiwa mfukoni.

Niwieni radhi, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye utamu. Studio ilikuwa London, inaitwa Townhouse. Kwenye chumba cha dramu kulikuwa na maiki imetundikwa kwa kazi moja tu: fundi aliye upande wa pili wa kioo asikie wapigaji wakimwambia "tayari" au "naomba maji". Maiki hiyo ilifungiwa kifaa cha kubana sauti, kubwa ikashuka na ndogo ikapanda, ili hata anayenong'ona kwenye kona asikike. Sasa fundi, Hugh Padgham, akawa ameiacha wazi wakati Collins anapiga. Kikatoka kishindo ambacho hakuna aliyekipanga. Chumba kizima kiliingia ndani ya ngoma. Kisha wakaukata mwangwi ghafla, mnajua mtu anavyofunga mlango kwa hasira? Puu! Halafu kimya. Hakuna mkia. Mwaka uliofuata, 1981, Collins akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, kishindo kile kikiwa ndani. Na wimbo wake uliojulikana zaidi humo unaanza na mashine. Mpiga dramu mzima! Anaiacha mashine itembee dakika tatu na zaidi, ndipo anaingia mwenyewe, na hata wewe uliyesema huujui, nikikupigia hapa mezani utaumalizia. Genesis hakuiacha. Alibaki nayo hadi 1996.

Nikasema, kumbe mtu anaweza kuachwa mara moja, akaitwa tena, akatoka na yeye, na bado bendi ikawepo. Hasira ikashuka nusu.

Si wote walioelewana hivyo, lazima niseme. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, alitoa albamu yake ya peke yake 1985, mpiga gitaa wao Keith Richards akanuna, na bendi haikufanya ziara tangu 1982 mpaka 1989. Miaka saba! Kwetu hiyo ni miaka ya ndugu kususiana harusi. Nao Kiss, wale Wamarekani wa kupaka rangi usoni, wakakata mzizi wa fitina: tarehe 18 Septemba 1978 wote wanne walitoa albamu za peke yao siku moja. Mimi naona ule ulikuwa utani wa gharama. Tupite.

Nusu ya pili ya hasira yangu ilishikwa na mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe 1946, familia ikahamia Uingereza 1964, dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Mwezi Aprili 1985 alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, aliyoirekodi Munich, Ujerumani. Akaitunuku kwa paka wake. Hakusema mama, hakusema wenzangu wapendwa. Alisema paka, na akawataja majina. Ilipanda hadi nafasi ya 6 Uingereza, si haba. Miezi mitatu haijatimia, tarehe 13 Julai, akasimama na wenzake watatu Wembley, kwenye tamasha la Live Aid, kwa dakika kama ishirini, na watu mpaka leo wanazungumzia dakika hizo kuliko albamu ile.

Kabla sijapanda hapa nilimwomba fundi mitambo awapigie wimbo mmoja mara mbili, na nimewaona wengine mkitazamana mkidhani amekosea. Hakukosea. Ya kwanza ni ya 1985, Freddie bila wenzake wa Queen, na vinanda vya umeme. Ya pili ilitoka 1995. Freddie alikuwa ameshafariki, Novemba 1991, hakuna wa kumwita arudie. Wenzake, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, waliichukua sauti ile ile, wakafagia vilivyokuwa chini yake, wakaweka mikono yao. Nyimbo mbili za albamu yake walizifanya hivyo.

Mimi nyimbo hizo nilizisikiliza kitandani, visikilizio masikioni, mke wangu amelala, na nia yangu ilikuwa mbaya. Nilitaka ushahidi. Nilitaka nimpelekee dada yetu nimwambie: sikia, hii ndiyo sauti bila bendi, na hii ndiyo sauti na bendi. Wimbo wa kwanza, ule wa polepole, ulinipa nilichotaka. Gitaa la May likiingia unasikia mtu amepata ukuta wa kuegemea. Wa pili ukanigeuka. Ndio huo mliousikia. Toleo la 1985 lina wepesi wa mtu anayecheza sebuleni, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, hana wa kumcheka. Toleo la 1995 limejaa, lina nguvu, dramu zake mimi nazihusudu, na ule wepesi haumo. Walimpenda mno wakamvika makoti matatu.

Nikaondoa visikilizio. Nikaanza kukumbuka makoti tuliyowahi kumvika sisi.

Nyinyi mnaotusikiliza mnadhani kazi ya bendi ni kupiga. Kazi kubwa ya bendi ni kukataa. Mtu analeta wimbo, wanne mnauzunguka kama ng'ombe wa mnadani. Huyu anasema mrefu. Huyu anasema ubeti wa pili umerudia wa kwanza. Mwingine anasema watalii hawatauelewa. Mara nyingi mnauokoa wimbo, na mimi nimeokoa nyimbo nyingi, naomba niandikiwe hilo. Kwenye albamu hii, kwa mfano, wimbo wa nne una dakika saba. Angeniuliza ningekata mbili, tena bila huruma. Hakuniuliza. Wimbo wa sita una kiitikio kinachokuja mara tano, na ile ya tano hata jirani alishakubali. Hivyo ndivyo inavyokuwa pakikosekana mtu wa kusema hapana. Nimemwambia mwenyewe, kacheka.

Lakini kuna wimbo mmoja aliutuletea mara tatu, miaka mitatu tofauti. Wimbo wa bibi yake. Mara ya kwanza tulisema tutaona. Mara ya pili mpiga besi alijaribu kuutafutia njia, ukakataa. Mara ya tatu nilisema mimi. Nilisema, "Dada, hii ni ya kwaya." Wenzangu wakacheka. Yeye naye akacheka, akakunja karatasi, akairudisha mkobani, tukaendelea na wimbo wa mtu mwingine uliopigwa na kila bendi duniani.

Wiki ya tatu ya kununa kwangu akapiga yeye. Hakunisema. Alisema tu, "Kaka, wimbo wa tisa nakuhitaji. Ila usije na dramu." Nikajisemea, haya, Gabriel huyu, amekataza sahani. Kumbe amekataza na ngoma zenyewe.

Tulipanda Coaster ya alfajiri hapo stendi, Moshi tukabadilisha, tukafika Kibosho ukungu bado umelala kwenye migomba. Tulikuwa watatu, pamoja na yule kijana wa Ngarenaro na laptopu yake na maiki mbili amezifunga kwenye taulo. Bibi alikuwa ameshakitoa kinu uani. Kinu cha mti, mdomo wake umelika upande mmoja. Mchi umelainika pale mikono inaposhika mpaka unang'aa, kama shingo ya gitaa la zamani. Mahindi ya kande yalishanyunyiziwa maji, yanangoja kukobolewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye huyu fundi ngoma?"

"Ndiye," mjukuu wake akajibu, na sikupenda alivyotabasamu.

Maiki moja tuliiweka karibu na mdomo wa kinu, na kijana akairudisha nyuma mara nne, maana kila mchi ukishuka mistari kwenye kioo cha laptopu inaruka mpaka kwenye nyekundu. Ya pili tuliiegemeza kwenye mgomba ichukue ua mzima. Na ua mzima uliingia kweli: mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita chini ya kihamba, shamba la nyumbani, jogoo wa jirani, mtu mbali anachanja kuni. Kijana alitaka kuvifuta vyote hivyo baadaye. Mwenye albamu akasema viache.

Wakaanza, bibi na mjukuu, michi miwili kinu kimoja, wa bibi ukipanda wa mjukuu unashuka. Mimi nikahesabu, ndiyo kazi yangu. Hesabu ya roki ni nne, kishindo kwenye mbili na kwenye nne. Ukijua hilo utaishi. Nikahesabu nne nikapotea. Nikahesabu sita, nikaenda kidogo, nikapotea. Kuna mahali bibi anaurusha mchi, anauachia kabisa, anapiga kofi moja, ndipo anaudaka. Kofi lile haliko kwenye hesabu yoyote niliyofundishwa. Nikingoja hapa linakuja kabla, nikiliwahi linakuja baada.

Nikaomba nijaribu. Miaka kumi na mmoja ya dramu, jamani, mkono ninao. Labda nilimaliza dakika moja. Mahindi yaliruka nje ya kinu, kuku wakaona sikukuu imefika. Bibi alinishika mkono, polepole tu, kama unavyomshika mtoto aliyeshika kisu, akasema, "Baba, wewe unapiga, hutwangi. Mahindi hayakukosea chochote. Mchi una uzito wake, uache ushuke."

Nikauacha ushuke. Ukashuka kwenye mguu wangu.

Kwa hiyo mtakachosikia kwenye wimbo wa tisa ni bibi na mjukuu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila biti ya kompyuta hata moja. Mimi nimo. Msiseme simo. Mkifika dakika ya pili mtasikia shhh-shhh, shhh-shhh, kwa mbali upande wa kulia: ni ungo, na anayepepeta ni mimi. Nilifundishwa nusu saa nzima, pumba zikanijaa machoni mpaka nikarudi Arusha nimevimba. Kwenye maelezo ya albamu, pale wanapoandika nani kapiga nini, jina langu lipo na mbele yake wameandika: ungo.

Ndio ule wimbo wa kwaya.

Sasa wadogo zangu mnaopiga muziki, niwaambie neno la fedha, halafu nashuka. Bendi nyingi hazifi kwa wivu, zinakufa kwa kutokuandikiana. Sisi tulikaa chini, tukaandika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida, tukatia sahihi wote wanne juu ya boneti la gari la mteja wa gereji. Nyimbo tulizotunga pamoja yeye anaruhusiwa kuziimba kwenye shoo zake, na tumeandika kila mmoja anapata nini. Jina la bendi haliwi kubwa kuliko lake kwenye bango lake. Ijumaa ni ya bendi. Mafuta ya gari analipa anayeita shoo. Queen wenyewe, kwa nyimbo zao mpya, ilibidi wafike albamu ya 1989 ndipo wakaamua kila wimbo uandikwe ni wa Queen, hata kama aliyeutunga ni mmoja, na kwa ninavyoona mimi walichelewa sana. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na inasema wimbo unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hesabuni wenyewe: watakaogombana ni watoto ambao hata hawakuwepo kwenye mazoezi. Nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kazi zenu zisajiliwe mkiwa bado mnasalimiana.

Na sheria hiyo hiyo inamhesabu bibi kuwa mpigaji kwenye rekodi, ana hakishiriki yake, yaani haki ya aliyepiga. Tulimpelekea karatasi, tukamsomea. Akauliza hakishiriki inapikwaje. Tukamweleza. Akasema fedha aachiwe, karatasi apewe mjukuu aitunze, na kwamba safari nyingine tukija tuje na sukari.

Yule ndugu wa getini, bado upo? Bendi ipo. Ijumaa tunapiga, njoo. Ila nitakuwa mwongo nikikuambia ni ile ile. Juma lililopita tulikuwa mazoezini, tunapiga wimbo wetu wa zamani, ule mnaouomba kila siku, na katikati ya ubeti wa pili mwimbaji wetu akaiachia maiki kwenye stendi, akapiga kofi. Kofi moja, mahali ambapo miaka yote hapajawahi kuwa na kofi. Mpiga besi akapotea. Mimi nilishaliona bega, nikaliwahi. Mpiga solo akageuka kututazama, akafungua mdomo, sote tukangoja akatae.

Akafunga mdomo. Tukarudia kutoka mwanzo, na kofi likiwemo.

Naona jenereta limekaa sawa sasa, na fundi mitambo ananipungia mkono tangu zamani nikijifanya simwoni. Mama, ahsante kwa kutupa huyu dada, na salamu kwa bibi. Mwambieni mguu umepona. Jamani, kabla sijashuka: kuna ungo niliuacha kwenye kiti pale mstari wa mbele, naona kuna mtu ameujaza bisi. Kula, kaka, kula, lakini umalize mapema. Wimbo wa tisa nauhitaji.